Torkwato na Kaburi la Chimala

Kihesa, Iringa
Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kupitia ukuta huu. Wewe na mama yako mnabishana kama ndoo iingie kwenye beseni au beseni ligeuzwe lifunike ndoo, na mnacheka. Mambo ya godoro, jiko la gesi na blanketi la baridi ya Mbeya ameshayamaliza yeye, na nikijaribu kuongeza langu ataniambia nirudi kwenye magazeti yangu. Kwa hiyo sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini na minne, una barua ya ajira kwenye mkoba, na keshokutwa utasimama mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao wana ndevu. Nina jambo moja tu la kukuandikia, na limenishinda kulisema kwa mdomo miaka tisa sasa.

Jana watu walipokuja kukuaga, ulisimama na soda mkononi ukasema, "Wote mnamjua baba yangu. Alitunga sheria, mwanawe mwenyewe akaivunja, akamfukuza shule mbele ya watu wote. Na mimi huko niendako nitakuwa hivyo hivyo. Darasani sina ndugu, sina rafiki, nina sheria." Baba yako mkubwa akagonga meza, "Hiyo ndiyo damu ya Mwalimu!" Shangazi zako wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka uani, nikajifanya natazama kuku. Wewe hukuniona, mama yako aliniona.

Niliogopa, Skola. Hadithi hiyo nimeisikia midomoni mwa walimu kwa miaka ishirini, kwenye semina, kwenye mahafali, hata msibani, na kila ikisimuliwa nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Si ya uongo, ila imekatwa vipande viwili na watu wanatembea na kile kizuri. Kile kingine ninacho mimi na mama yako, na sasa nakupa.

Inaanzia mbali, kwa Mrumi mmoja aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Usicheke. Unajua kwamba ujanani nilisoma seminari. Kilatini tulifundishwa na padre mmoja mzee, Mbena wa Njombe, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Akichoka kutukaririsha vitenzi, alitusimulia watu. Ndiye aliyetuletea habari za Tito Manlio, jemadari wa Roma.

Tito huyu alizaliwa na ulimi mzito. Baba yake, mkubwa mmoja mwenye hasira, alimwonea aibu, akamficha shambani alime pamoja na watumwa. Watu walichukia, na kiongozi mmoja wa umma akamshtaki yule baba kwa ukatili wake, pamoja na huo wa kumtesa mwanawe. Unadhani kijana alifurahi? Aliondoka shamba asubuhi na mapema, kisu ndani ya nguo, akaingia chumbani kwa mshtaki na kumwapisha pale pale kwamba kesi ataifuta. Hakuna sheria iliyomruhusu. Lakini Roma nzima ilimpenda, kwa kuwa alivunja sheria kwa ajili ya baba ambaye hakustahili.

Baadaye, vitani, akajitokeza Mgalia mmoja wa jeshi la adui, pande la mtu, akasimama darajani na kuwatukana Warumi: nani atathubutu? Tito akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akapewa, akamwua, akauvua mkufu uliokuwa shingoni mwa maiti na kuuvaa yeye ukiwa bado na damu. Ndipo wakamwita Torkwato, yaani mwenye mkufu. Miaka ikapita, akawa mkuu wa majeshi. Wakati huo walipigana na Walatini, majirani waliofanana nao lugha na silaha, kiasi kwamba ilikuwa rahisi kuchanganyikana. Akatoa amri kwamba mtu asitoke mstarini kupigana na adui peke yake. Mwanawe, ambaye naye aliitwa Tito, akatumwa na wapanda farasi kupeleleza. Njiani akakutana na adui wanayefahamiana, akachokozwa, akatukanwa, akapigana naye na kumwua. Alirudi na silaha za yule mtu moja kwa moja hadi kwa baba yake, amejaa furaha, akidhani amefanya kile ambacho baba alikifanya zamani. Baba akageuza uso. Akaamuru tarumbeta ipigwe, jeshi likakusanyika, akasoma kosa, na mbele ya wote askari mwenye shoka akamkata kijana kichwa.

Padre alifunga daftari akatuuliza, "Alitenda haki?" Mimi, kijana wa miaka kumi na saba mwenye sifa, nikasimama. "Ndiyo, Padre. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." "Kaa chini," akasema. "Swali hili utalijibu tena ukiwa na mtoto." Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika hadi chakula cha mchana.

Mwaka huo huo babu yako akafariki. Habari ilinifikia jioni, gombera, yaani mkuu wa seminari, hakuwepo, na kanuni ilisema anayetoka nje ya seminari bila kibali cha gombera haijui tena seminari. Alfajiri niliruka ukuta. Nilitembea kwa miguu, nikapata lori la mbao, nikafika kijijini kwetu wakati wanashusha jeneza. Nilitia udongo wangu kaburini kwa mikono miwili, nikageuka kurudi bila hata kula. Aliyenikuta getini kesho yake alikuwa yule padre. Alitazama miguu yangu iliyojaa udongo mwekundu. Akasema, "Kaoge. Kengele ya Misa imekaribia." Gombera hakuwahi kujua, au alijua akanyamaza.

Ungedhani mtu aliyesamehewa hivyo hujifunza kusamehe. Mimi nilijifunza kwamba nina bahati. Utaalamu wangu ulikuwa huo, kuyapima makosa yangu kwa kijiko na ya wenzangu kwa debe.

Kaka yako alipozaliwa nilimpa jina Tito. Kanisani walidhani ni la mtakatifu, na mama yako alidhani hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikimwaza jemadari mwenye mkufu. Sikukaa hata dakika moja kukumbuka kwamba wenye jina lile walikuwa wawili, baba na mwana.

Wewe ulikuwa na miaka minne wakati wa mambo haya, kwa hiyo Tito unayemkumbuka ni yule wa kukubeba mabegani. Wakati huo nilikuwa mkuu wa shule ya bweni, kule milimani, na yeye alikuwa kidato cha nne papo hapo shuleni kwangu. Alikuwa kipa, mrefu, mikono kama makasia. Shuleni aliniita Mwalimu kama wengine, na mimi nilimwita kwa jina la ukoo.

Mwaka mmoja kabla, wanafunzi wetu walitoroka kwenda kucheza kombe la mbuzi kijijini. Unayajua mashindano haya, timu za vijiji zinacheza na bingwa anapewa mbuzi. Fujo ikatokea, na nahodha wa kijiji akamvunja mkono mwanafunzi wetu mmoja, Frenki, rafiki wa Tito. Mzazi alikuja ofisini akanifokea hadi wapishi wakatoka kutazama. Basi muhula ulipoanza nikasimama paredini na karatasi: mwanafunzi atakayecheza mpira nje ya uzio wa shule bila kibali changu, amejifukuza mwenyewe, hakuna kusikilizwa. Kanuni nzuri, ya kulinda watoto. Bodi ilikuwepo siku hiyo. Niliona mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikanogewa, nikaongeza, "Hata akiwa mwanangu." Wakapiga makofi. Maneno hayo matatu hayakuwemo kwenye karatasi, Skola. Niliyatoa kwa ajili ya makofi.

Miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa, Jumamosi moja, Tito aliongoza wenzake sita kwenda kuleta kuni. Niliwatuma mimi. Njia inapita kando ya uwanja wa kijiji, na siku hiyo wenyeji walikuwa wameshinda kombe lao. Yule nahodha akawaona. Mmoja wa wale sita alinisimulia baadaye alichowaambia: "Oya, kuku wa Mwalimu! Leo nani kawafungulia banda?" Wakaendelea kutembea. Akaendelea, "Yule wa mkono wa mti hajambo? Au siku hizi anakula kwa mguu?" Hapo Tito akatua mzigo wake. Wakapatana penalti tano. Nahodha akifunga zote, kuni zinabaki pale pale. Akikosa hata moja, mbuzi ni wa shule.

Tito alidaka tatu.

Mimi nilikuwa barazani kwa ofisi na wajumbe wa bodi, tunakunywa chai. Tukasikia nyimbo kabla ya kuona watu. Wakatokea saba, kuni kichwani, na mbele yao Tito anamvuta mbuzi mweupe aliyevishwa majani shingoni. Wanafunzi walimiminika kutoka mabwenini. Alikuja hadi ngazi ya chini ya baraza. Siku ile alisahau kuniita Mwalimu. Akasema, "Baba, mkono wa Frenki umelipwa."

Mwenyekiti wa bodi akaweka kikombe chini, akanitazama mimi.

Skola, nisikilize hapa. Watu husema niliumia lakini nikasimamia haki. Sikuumia. Kuumia kulikuja baadaye. Dakika ile nilijisikia mkubwa. Kichwani mwangu nilimwona Torkwato, nikaona kwamba historia imenipa zamu yangu. Nikageuza uso, kama alivyogeuza yeye, nikamwambia kiranja apige kengele. Na kwa kuwa niliugeuza uso, sikumwona mwanangu. Nimejaribu miaka yote hii kuukumbuka uso wake wa siku ile, siupati. Namkumbuka mbuzi, yale majani, na kamba ya katani.

Nilimsomea adhabu chini ya mlingoti wa bendera. Nilitoa na hotuba. Makamu wangu, mama mmoja Mhehe aliyekuwa hasemi sana, akanivuta pembeni. "Mkuu, mwache afanye mtihani. Alale nyumbani, awe anakuja siku za mtihani tu. Utaratibu unaruhusu." Nikamwambia nikifanya hivyo watasema ni kwa sababu ni mwanangu. Akasema, "Mkuu, angekuwa wa mtu mwingine ungemruhusu." Nikamwambia arudi darasani.

Jibu lake lilikuwa la kweli, na nililijua pale pale. Msumeno unakata mbele na nyuma, ndiyo, lakini una mpini, na mpini nilikuwa nimeushika mimi. Nilimkata zaidi ya kanuni ili nionekane sikumpendelea. Huko ni kupendelea vilevile, ila niliyempendelea ni mimi.

Mbuzi alilia nyuma ya jiko siku mbili. Mpishi hakutaka kumchinja, na wanafunzi walisema nyama hiyo hawali. Siku ya tatu mama yako alikuja shuleni kwa miguu, akafungua ile kamba bila kunisalimu, akamrudisha mbuzi kijijini mwenyewe. Tito aliondoka siku hiyo hiyo. Jioni nilipofika nyumbani nikaomba chakula. Mama yako akaniambia, "Kiko mezani, Mwalimu." Tangu Tito azaliwe alikuwa akiniita Baba Tito. Wewe umekua ukidhani ananiita Mwalimu kwa heshima.

Wanafunzi nao walikuwa na lao. Hakuna aliyekubali kusimama golini tena mwaka ule. Walicheza kila Jumatano na Ijumaa mbele ya dirisha langu, goli likiwa wazi, wakifungwa kumi, wakifungwa kumi na mbili, na hawakubishana hata kidogo. Mahafali yalipofika nilisimama kuhutubia, na nilipomaliza wakapiga makofi wazazi tu. Wanafunzi waliweka mikono mapajani. Padre alitusimulia kwamba Torkwato aliporudi Roma na ushindi, waliotoka kumlaki walikuwa wazee peke yao. Vijana hawakutoka, na walimlaani hadi siku yake ya mwisho. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani hilo ni pambo la hadithi.

Kaka yako alikwenda Chimala. Alianza kwa vibarua kwenye mashamba ya mpunga, kisha akapata kazi ya kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa, kisha akawa anaiendesha mashine yenyewe. Akamwoa Rehema, binti wa Kisangu, huyo wifi yako anayetutumia mchele kila mavuno. Hawakujaliwa mtoto. Mama yako alikuwa akienda kuwaona akiniaga kwamba anakwenda kwa dada yake Makambako. Nilijua. Nilikuwa nikimpa nauli na kumwambia anisalimie Makambako.

Mara moja tu alikuja hapa, miaka miwili baada ya kuondoka. Nilikuwa chumbani, chumba hiki hiki. Nikasikia "Hodi" mlangoni, nikaijua sauti. Nilimnong'oneza mama yako, "Mwambie sipo." Viatu vyangu vilikuwa kizingitini. Alitua gunia la mchele, akanywa maji, akakupakata kidogo, wewe ukamvuta masikio. Akiondoka akasema kwa sauti ya kutosha kupita ukuta, "Mama, mwambie Mwalimu nimepita."

Huwa mnanitania kwamba mgeni akibisha hodi mimi nakuwa kiziwi, na kwamba nitakuja kuacha wageni wanyeshewe. Si ukiziwi. Kila hodi katika nyumba hii, kwa muda wa pumzi moja, ni yeye, na mimi bado nimekaa kitandani. Nikiitikia namjibu nani? Kwa hiyo nangoja mmoja wenu aende mlangoni, na akitaja jina la mgeni ndipo napumua. Ilikuwa hivyo alipokuwa hai, na alipokufa haikukoma, imezidi.

Alikufa kwa homa, siku tatu tu, akiwa na miaka ishirini na tisa. Wewe ulikuwa bwenini, kidato cha pili, na tulikuambia baada ya mazishi ili usichanganyikiwe na mitihani. Tulikuambia pia kwamba mimi sikwenda kwa sababu presha ilinipanda nikalazwa. Skola, sikulazwa. Nilikuwa ofisini.

Mama yako alisimama mlangoni amejifunga kanga mbili, begi mkononi. "Gari linasubiri," akasema. Nikamwambia mitihani inaanza kesho, siwezi kuacha shule. Alinitazama kama unavyotazama nyumba ya mtu aliyehama.

Na hapa jemadari yule ananirudia. Padre alitusimulia kipande cha mwisho ambacho wengi wetu tulikisahau. Vizazi vingi baada ya Torkwato, mzee mmoja wa ukoo ule ule aliletewa mashtaka ya mwanawe, kwamba alikula mali ya watu kule alikotawala. Mzee akaomba aisikilize kesi mwenyewe, nyumbani. Akamkuta na hatia, akamwambia aondoke asimwone tena machoni pake. Usiku ule kijana akajinyonga. Siku ya mazishi mzee hakwenda. Alikaa ukumbini kwake, mlango wazi, akiwasikiliza watu waliokuja kuomba ushauri wa sheria kama siku nyingine yoyote. Na ukutani, juu ya kiti chake, kulikuwa na sura ya babu yake Torkwato, maana Warumi walihifadhi sura za wazee wao. Jemadari alikuwa ameoza zamani, na bado alikuwa anaua wajukuu.

Siku wanamzika Tito, mimi nilihesabu bahasha za mitihani. Wazazi wawili walikuja kuuliza habari za ada, nikawajibu vizuri sana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha yule mzee na nilijua nimekikalia. Sikuinuka.

Yaliyotokea Chimala alinisimulia mama yako mara moja, na hajarudia. Jeneza liliposhushwa, mwongoza ratiba akaita kama ilivyo desturi: "Tunamwomba baba mzazi aje atie udongo." Hakutokea mtu. Akadhani hawajasikia, akaita tena, "Baba mzazi wa marehemu." Watu wakaanza kugeuka kutazamana. Mama yako akajitokeza, akatia udongo wake, akainama akachota tena. "Huu ni wa baba yake," akasema. Rehema akamshika mkono. "Hapana, mama. Wa baba hautiwi na mtu. Ataleta mwenyewe." Mama yako akaumwaga ule udongo pembeni, akajifuta.

Mwaka wa kwanza nilituma saruji kaburi lijengewe. Rehema aliirudisha kwa gari lile lile. Akaagiza mtu aniambie kwamba kwao kaburi halifungwi likiwa na pengo, na pengo la huyu linajulikana ni la nani. Wewe uliwahi kumuuliza mama yako kwa nini kaka yako hajajengewa mpaka leo, akakujibu hatujajaliwa. Sasa umejua.

Kule bondeni mvua hazina mchezo, tuta linashuka kila mwaka. Miaka tisa Rehema amekuwa akienda na jembe baada ya masika kulipandisha, peke yake. Mwezi uliopita, mchele ulipokuja, alimpigia simu mama yako. Nilikuwa karibu nikasikia. "Mama, nimeposwa, na nimekubali. Nahamia Songwe kabla ya mvua. Mwaka huu sitalipandisha tena. Mwambie Mwalimu masika mawili tu, atakuja hapo asijue hata pa kusimama." Mama yako alikata simu akaendelea kuchambua mchele. Alijua nimesikia.

Ndiyo maana makofi ya jana yalinitoa nje. Nilikuona umesimama na ile soda, binti yangu mwenye akili, unauvaa mkufu wangu mbele ya watu, na damu yake huijui. Sitaki uwe mwalimu mlegevu. Shule bila kanuni ni gulio, na wale wenye ndevu watakupima siku ya kwanza. Weka kanuni, zishike. Ila siku moja mmoja wao atakuja mbele yako na kosa lake mkononi, huku anatabasamu kwa sababu kwa akili yake amekuletea zawadi. Mtazame usoni. Ukishamtazama, hata ukimwadhibu utajua unayemwadhibu ni nani. Na kama kuna watu pembeni wanasubiri kuona utafanya nini, waambie waende wakanywe chai. Zaidi ya hapo sina cha kukufundisha. Niliyafundisha mengine yote miaka thelathini na hayakunisaidia.

Umefurahi kwamba nakusindikiza hadi Mbeya. Mama yako ndiye aliyekwambia hivyo, na ni mara yake ya kwanza kudanganya kwa niaba yangu tangu zile siku za presha. Tutapanda wote, nitakununulia mahindi Makambako, tutapita Igawa. Kisha nitashuka Chimala, na hapo ndipo nitakapokupa bahasha hii. Kwa hiyo unaposoma maneno haya basi limeshapita Igurusi, na kiti cha pembeni yako hakina mtu.

Usimwambie dereva asimame. Usinifuate. Ungekuwa nami pale ningejikaza kwa ajili yako, ningesimama wima kama paredini, na nimesimama wima vya kutosha. Kama unanichukia, nichukie hadi Mbeya, kisha uyaache yapite. Sitakuomba unionee huruma, wala usimlaumu mama yako kwa kunificha, alikuwa anakufichia wewe baba.

Rehema amekubali kunisubiri barabarani. Hakusema kama atanisalimia. Amesema atanionyesha mahali, kisha ataondoka. Sina hotuba. Nitapiga magoti, nitachota kwa mikono miwili, na pale ambapo hakuna mtu wa kuniita, nitajiitikia mwenyewe.

Ni mimi,
baba yako wewe,
na baba mzazi wa marehemu Tito.